Rais Hupimwa Siku Anapoambiwa La

Jumapili alasiri, watu wanapokuwa wametoka kanisani na nguo zilizofuliwa zimekwisha kuanikwa juu ya ghorofa, duka la kinyozi ninakonyolewa, kando ya Spine Road hapa Kayole, hugeuka kuwa baraza. Na kwa kuwa juu ya kioo pametundikwa televisheni ambayo aghalabu huwa kwenye habari za ulimwengu, mazungumzo huanza Washington kabla ya kurejea Nairobi. Siku moja kijana wa bodaboda, aliyekuwa akingoja zamu yake huku helmeti ameipakata, alimsifu Donald Trump kwa jambo moja tu: kwamba siku ile ile alipoapishwa kwa muhula wake wa pili, tarehe 20 Januari 2025, aliketi akatia saini amri baada ya amri pasi na kumngoja mtu. "Huyo ndiye rais," alisema. "Anataka kitu, kinafanyika." Mzee aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alimwinulia kinyozi mkono asimame kwanza, kisha akajibu: "Kijana wangu, sisi tulikuwa na wa namna hiyo. Alitaka kitu, kikafanyika. Muulize mamako."

Jibu hilo halikuniacha, na ndilo linalonifanya nishike kalamu. Kwani tunapowalinganisha marais, wawe wa Marekani au wetu, tumezoea kuwapima kwa walichotoa: huyu alitupa maziwa shuleni, yule akafuta karo ya shule za msingi Januari 2003, mwingine akatandaza lami na kujenga barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands. Siyadharau hayo, maana aliyekunywa maziwa ya Nyayo akiwa na njaa hawezi kuambiwa kuwa hakunywa kitu. Lakini lami hununuliwa kwa kodi ya raia, na rais yeyote mwenye hazina na wakandarasi aweza kuitandaza, mwadilifu na dhalimu sawia. Rai yangu ni kwamba kipimo kilicho sahihi zaidi ni kimoja, nacho hutokea mara chache katika utawala wa mtu, pengine asubuhi moja au mbili tu katika miaka 10: siku ambayo mtu asiyekuwa na askari wala bunduki, awe jaji, mbunge au mpiga kura, anamwambia rais, "La, hili huwezi." Alilofanya siku hiyo, na siku iliyofuata, ndiyo tabia yake halisi.

Na tuanze huko kijana wetu alikoanzia. Mwezi wa Aprili mwaka 1952, majeshi ya Marekani yakiwa vitani Korea na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wakiwa wamekaribia kugoma, Rais Harry Truman alitoa amri kwamba viwanda hivyo vitwaliwe na serikali, kwa hoja kwamba vita havingoji na kwamba askari asiye na silaha ni maiti. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikatamka kwamba hakuna sheria iliyompa rais uwezo huo, na kwamba cheo cha amiri jeshi mkuu hakimpi mamlaka juu ya mali za raia walio nyumbani kwao. Na la kuzingatiwa ni kwamba majaji wote 9 walikuwa wameteuliwa ama na Truman mwenyewe ama na Franklin Roosevelt wa chama chake. Truman alikasirika sana. Lakini siku ile ile akaagiza viwanda virudishwe kwa wenyewe, wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya wiki 7, na nchi haikuanguka. Katika orodha za marais mashuhuri Truman hutajwa kwa bomu la Hiroshima na kwa kuijenga upya Ulaya. Mimi humkumbuka kwa jioni ile ya Juni.

Richard Nixon naye, ambaye jina lake limekuwa mfano wa ubaya, alipoambiwa na mahakama tarehe 24 Julai 1974, kwa sauti moja ya majaji 8, watatu kati yao wakiwa wa kuteuliwa naye, kwamba azitoe kanda za mazungumzo ya ofisini mwake, alizitoa, na tarehe 9 Agosti akaondoka madarakani. Alikuwa na kila sababu ya kukataa, kwa kuwa alijua kanda hizo zitamwangamiza.

Hapa yafaa niikabili hoja inayonisumbua, nisije nikaonekana kuchagua mifano inayonipendeza. Abraham Lincoln, ambaye Wamarekani wengi humweka juu ya wote, aliambiwa na Jaji Mkuu mwaka 1861 kwamba hana uwezo wa kusimamisha haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya hakimu, naye akaendelea kuwafunga watu. Roosevelt, aliyeshinda uchaguzi mara 4, alipoona mahakama inazibatilisha sheria zake, alitaka mwaka 1937 kuongeza majaji wengine wasiozidi 6 ili apate wa kumkubalia, na Seneti, iliyojaa watu wa chama chake, ikamkatalia; kisha mwaka 1942 akatia saini amri iliyowatoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani na kuwatia makambini, na safari hiyo mahakama, ilipoulizwa, ikasema inafaa. Je, basi, wakubwa ni wale wasiosikia? Hapana. Lincoln alikwenda mbele ya Bunge mwezi Julai mwaka ule ule akaeleza alilolitenda na sababu yake, Bunge likalitungia sheria baadaye, na mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakubali kupigiwa kura na watu ambao wangeweza kumtoa. Na wale watu 120,000 ndio ushahidi wa hali inavyokuwa pale ambapo rais apendwaye hakosi mtu wa kumkubalia. Wamarekani wenyewe waliona hatari ya mapenzi ya aina hiyo, wakaandika katika Katiba yao mwaka 1951 kwamba mtu asichaguliwe zaidi ya mara mbili.

Sasa turudi kwetu, ambako habari hii imeandikwa katika nyumba zetu.

Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 tulikuwa na Katiba yenye majimbo, mabaraza mawili ya Bunge na waziri mkuu anayewajibika kwa Bunge hilo. Mwaka mmoja baadaye tulikuwa jamhuri yenye rais, chama cha upinzani cha KADU kimekwisha kujivunja; majimbo yakanyang'anywa mamlaka yake moja baada ya jingine; na mwaka 1966 Bunge likapitisha sheria ya kuiondoa Seneti. Mwaka huo huo Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala cha KANU na kuunda chama cha KPU, Katiba ilirekebishwa kwa haraka ili wote walazimike kurudi kwa wapiga kura, na sheria ya kuweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani ikapitishwa. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Mwaka 1975, waziri Paul Ngei alipopatikana na kosa la uchaguzi, Katiba ikabadilishwa ili Rais apate uwezo wa kumsamehe. Mzee Jomo Kenyatta, basi, hakuivunja sheria pale ilipomwambia la. Aliibadilisha, akaviondoa kimoja kimoja vinywa vilivyoweza kulitamka neno hilo, mpaka nchi ikanyamaza, na sisi tukakiita kimya hicho amani.

Daniel arap Moi aliikuta kazi hiyo nusu, akaikamilisha. Juni 1982 kifungu cha 2A kikaifanya KANU kuwa chama pekee. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakapokonywa kinga ya kazi zao, na mwaka 1988 majaji nao, hivi kwamba mtu aliyetakiwa kuamua kati ya raia na serikali alijua kuwa mshahara wake wa mwezi ujao umo mkononi mwa mmoja wa wadaawa. Mwaka 1988 ndio pia mwaka wa mlolongo, tulipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na foleni fupi ikatangazwa mshindi huku watu wakitazama. Na sisi wa Kayole tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka miaka hiyo, kwani mtaa wetu ulipimwa na kugawanywa katika miaka ya 1980, wakati Nairobi haikuwa na hata diwani mmoja aliyechaguliwa: Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983, ikawekwa Tume ya Jiji iliyoteuliwa na serikali, na hali hiyo ikadumu hata uchaguzi wa 1992. Mwezi wa Mei mwaka 1990 tume hiyo ilikibomoa kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, na waliobomolewa hawakuwa na mjumbe wa kumwendea. Hayo ndiyo aliyoyakusudia mzee wa kitini alipomwambia kijana amuulize mamake.

Walakini insafu yanitaka niongeze jambo. Moi huyo huyo, baada ya watu kumiminika Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 na baadhi yao kuuawa, na baada ya wafadhili kufunga mifuko, alikubali Desemba 1991 kifungu cha 2A kifutwe, na katika mabadiliko ya wakati huo ikaandikwa kwamba rais asizidishe mihula miwili ya miaka 5. Miaka 10 ikapita, siku ikafika. Tarehe 30 Desemba 2002, pale Uhuru Park, umati ukimzomea na wengine wakimrushia matope, alikaa akangoja mpaka Mwai Kibaki akaapa, kisha akaenda zake nyumbani Kabarak. Mistari michache ya Katiba ilifanya lile ambalo kizuizi, risasi na sala za miaka 24 hazikulifanya. Ndiyo maana mimi hutetemeka kila mtu anapotaka kuigusa.

Kibaki aliambiwa la mara tatu, na kila mara alijibu kwa namna yake. Novemba 2005 wapiga kura waliikataa rasimu yake ya Katiba, Chungwa, alama ya La, likaishinda Ndizi, alama ya Ndiyo. Alikubali kushindwa, kisha akalivunja Baraza lote la Mawaziri. Desemba 2007, ushindi wake ukiwa unapingwa, aliapishwa Ikulu magharibi, jua likitua, na zaidi ya watu 1,100 wakafa katika ghasia zilizofuata. Siku hiyo ni doa lisilotoka katika jina lake. Mwaka 2011, baada ya kuizindua Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010, alipendekeza majina ya Jaji Mkuu na Mwanasheria Mkuu kinyume cha utaratibu, Mahakama Kuu ikamwambia kuwa amekosea, akayaondoa. Tume ya Huduma za Mahakama ikawahoji waombaji mbele ya kamera za televisheni, na Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu. Mtu yule yule, basi, alikuwa mdogo sana mwaka 2007 na mkubwa mwaka 2011, na tofauti kati ya siku hizo mbili haikuwa moyo wake, bali kwamba mwaka 2007 wapinzani wake hawakuwa na mahakama wanayoiamini.

Uhuru Kenyatta ndiye rais wa kwanza barani Afrika ambaye ushindi wake ulifutwa na mahakama. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, waliubatilisha uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, naye akasimama hadharani akasema hakubaliani nao lakini atauheshimu uamuzi. Nilipomsikia, moyo wangu ulijaa fahari. Haukupita mchana mmoja akawaita majaji hao wakora mbele ya watu. Kisha, Tume ya Huduma za Mahakama ilipompelekea majina ya majaji mwaka 2019, aliyakalia kwa karibu miaka miwili, akawateua 34 Juni 2021 na kuwaacha 6 nje. Kwa upande mwingine, ni yeye aliyemkabidhi naibu wake madaraka kwa muda, Oktoba 2014, akapanda ndege kwenda The Hague kuitika mwito wa mahakama ya kimataifa akiwa rais aliye madarakani, jambo ambalo hakuna aliyepata kulitenda kabla yake.

Lakini kwa watu wa Eastlands utawala wake una siku nyingine isiyotajwa sana magazetini. Jumatatu ya tarehe 4 Mei 2020, katikati ya kafyu ya Korona, tingatinga ziliingia Kariobangi North, mahali paitwapo Sewage, si mbali na hapa, zikabomoa nyumba za maelfu ya watu, ilhali amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji ilikuwa imekwisha kutolewa. Karatasi ilikuwapo, yenye muhuri. Watu wakalala nje na watoto katika mvua ya masika. Sisemi kwamba Rais ndiye aliyeendesha tingatinga. Nasema kwamba serikali inayojifunza kutoka juu kuwa amri ya jaji ni jambo la kujadiliwa hufundisha somo hilo mpaka kwa dereva wa tingatinga, na huko chini ndiko sisi tunakokutana na mamlaka ya urais, maana Ikulu hatuingii. Mipaka ya uwezo wa rais, ambayo wanasheria huijadili kwa vifungu na vijifungu, kwa mtu wa Sewage ni ukuta wa mabati uliosimama au usiosimama.

William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na siku iyo hiyo akawateua wale majaji 6. Hilo lilikuwa tendo jema na sioni haya kulisifu. Lakini mwanzoni mwa 2024, mahakama zilipokuwa zimeyazuia baadhi ya mambo yake makubwa, likiwamo tozo la nyumba, aliwashutumu majaji hadharani kuwa wanakula njama na wafisadi, na kudokeza kwamba amri zao huenda zisifuatwe, mpaka mawakili wakaandamana barabarani. Kisha ikaja tarehe 25 Juni, siku ambayo vijana wasiokuwa na kiongozi, wengi wao wakiwa wametoka mitaa kama huu wetu kwa miguu, walifika Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha na baadhi yao hawakurudi. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini Mswada huo, na tarehe 11 Julai akawafuta mawaziri wake karibu wote. Aliambiwa la, na hatimaye alisikia. Ila naomba msomaji atulie hapa. Nchi ambayo rais wake husikia tu baada ya vijana kuzikwa haijapata mpaka wa mamlaka. Mpaka ni pale mbunge wa Kayole, aliyeketi Bungeni kwa kura zetu, anapolitamka neno hilo mapema, ili mtoto asilazimike kulitamka kwa kifua chake.

Wako watakaoniambia kwamba hata Marekani mambo yamegeuka, na ni kweli. Tarehe 1 Julai 2024, Mahakama ya Juu ile ile iliyomzuia Truman ilitamka kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba rais hawezi kushtakiwa kwa jinai, hata akisha kuondoka, kwa matendo aliyoyafanya katika mamlaka yake ya msingi, na kwamba matendo yake mengine rasmi yana kinga ya kudhaniwa. Katika jambo hili Katiba yetu ni bora kuliko yao: kifungu cha 143 humkinga rais na kesi za jinai akiwa madarakani tu, wala hakimkingi na makosa ya jinai yaliyomo katika mikataba ya kimataifa inayokataza kinga hiyo. Tusiionee aibu. Tuliipata kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, na wengine walikuwa wamekwisha kuilipia katika vyumba vya mateso chini ya Nyayo House.

Majirani zetu nao wametuonyesha njia zote mbili. Tanzania, tangu Ali Hassan Mwinyi alipomaliza mihula yake miwili mwaka 1995, hakuna rais aliyejaribu kukaa zaidi. Uganda iliiondoa mihula mwaka 2005, na mwaka 2017 ikakiondoa kikomo cha umri, na kila mara Bunge ndilo lililopiga kura. Nasi mwaka 2024 tuliletewa mswada, katika Seneti iliyorudishwa na Katiba mpya, wa kuurefusha muhula kutoka miaka 5 hadi 7, wananchi wakaukataa kwa hasira, ukaanguka. Utarudi kwa jina jingine. Ukirudi, ijulikane kwamba kifungu cha 255 kinataka jambo hilo liletwe kwetu kwa kura ya maoni, na yeyote atakayedai kuwa Bunge latosha anasema uongo.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na misafara itapita Spine Road, itasimama Masimba na Tushauriane, na mgombea atachomoza juu ya paa la gari akiwa na kipaza sauti. Atataja barabara, soko na nyumba. Ndugu zangu wa Kayole, nawasihi mumwulize swali moja: "Mahakama ikikwambia la, kesho yake utafanya nini?" Na asiruhusiwe kuingia garini na kulifunga paa kabla hajalijibu.